Maswali ya Wasomaji: Seli na Kazi ya Kutunza Tofauti

Barua zilizofika kwenye dawati la sayansi safari hii zimeegemea zaidi upande wa biolojia, na nyingi zinagusa jambo moja kwa njia mbalimbali: seli ya mwili wa binadamu hufanya nini hasa, na hubakije katika hali yake ilhali kila kinachoizunguka hubadilika? Tumechagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi, na baadhi tumezifupisha.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Tumefundishwa sehemu za seli nasi tunazikariri kwa ajili ya mtihani, lakini mdogo wangu aliponiuliza seli hufanya nini hasa usiku na mchana, nilikosa la kumjibu. Naomba msaada.
*Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba. Mdogo wako ameuliza vizuri kuliko vitabu vingi vinavyofundisha. Orodha ya sehemu ina faida yake, ila humwacha msomaji akidhani kwamba seli ni kifuko kilichopangwa vitu, ilhali ni mfululizo wa shughuli ambazo katika seli nyingi haziwezi kusimama kwa muda mrefu bila kuleta madhara.

Anza na kiini. Humo mna DNA ambayo ikinyooshwa hufikia urefu wa takriban mita 2, nayo imekunjwa ndani ya nafasi yenye kipenyo cha mikromita chache tu. DNA hiyo hubeba jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya neva za mtu mmoja zina maelekezo yale yale. Hutofautiana kwa sababu kila moja husoma sehemu inayoihusu na kuziacha nyingine zikiwa zimefungwa. Maelekezo yanayohitajika hunakiliwa katika molekuli ya RNA, nakala hiyo hutoka kwenye kiini, na ribosomu, mashine ndogo ya seli ya kutengeneza protini, huisoma herufi tatu tatu huku ikiunganisha asidi amino kuwa protini. Protini ndizo zinazobeba vitu kupitia utando, zinazopokea ujumbe wa homoni, zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali na zinazoipa seli umbo lake. Kwa kuwa nazo huchakaa, seli huzivunja na kurejesha vipande vyake katika matumizi. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kubainisha jinsi seli inavyokula sehemu zake yenyewe zilizochakaa.

Kazi zote hizo zinahitaji nishati, na nishati hiyo hutolewa kwa molekuli iitwayo ATP. Seli inapovunja molekuli moja ya glukosi, yaani sukari, bila oksijeni hupata faida ya ATP 2 pekee, lakini mitokondria, vyombo vidogo vya ndani ya seli vinavyozalisha nishati, zikishiriki kwa msaada wa oksijeni, mavuno hufikia takriban 30. Hii ndiyo sababu ya kupumua, wala hakuna nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. ATP haihifadhiwi kwa wingi: iliyomo mwilini kwa wakati wowote ni kidogo sana, bali hutumika na kutengenezwa upya mara nyingi kiasi kwamba jumla ya ATP inayoundwa kwa siku moja hukaribia uzito wa mwili wenyewe.

Ukipenda kumwongezea mdogo wako jambo la kumshangaza, mwambie kwamba mtu mzima ana seli zipatazo trilioni 30, na kwamba zaidi ya nne ya tano ya hizo ni chembe nyekundu za damu, ambazo hazina kiini wala mitokondria. Chembe hizo hubeba oksijeni kwa ajili ya wengine bila kuitumia zenyewe, na hutosheka na zile ATP 2 za glukosi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba vitu husambaa kutoka penye wingi kwenda penye uchache hadi vilingane. Tulifundishwa pia kwamba mwili hutunza usawa. Mimi ni fundi umeme na jambo hili hunitatiza: ikiwa asili yenyewe hulinganisha mambo bila gharama, kwa nini seli itumie nishati kutunza usawa?
*Fundi*

JIBU: Ndugu fundi, umegusa kiini cha jambo, na pengine lawama ni ya namna linavyofundishwa. Usawa unaozungumzwa katika mwili haumaanishi kwamba ndani na nje ya seli vimelingana. Seli iliyolingana kabisa na mazingira yake ni seli iliyokufa. Kinachotunzwa ni tofauti, na tofauti hiyo hudumishwa katika kiwango kisichoyumba sana.

Chukua sodiamu na potasiamu. Katika majimaji yanayozunguka seli, sodiamu ni takriban milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) 140 kwa lita, ilhali ndani ya seli ni kama 12 hivi. Potasiamu ni kinyume: ndani hukaribia 140, nje ni 4 au 5. Utando wa seli, wenye unene usiofikia nanomita 10, umeundwa kwa tabaka mbili za molekuli za mafuta ambazo ioni, yaani chembe zenye chaji kama hizo za sodiamu na potasiamu, haziwezi kuzipenya kwa urahisi. Lakini ndani ya utando huo mna protini zenye vijia, na kupitia vijia hivyo sodiamu huvuja ikiingia na potasiamu huvuja ikitoka. Kama ulivyosema, vitu hivi vingelingana bila gharama yoyote. Gharama huja kwa sababu seli haikubali vilingane. Hali yake ni kama ya chombo cha baharini kinachovuja, ambacho husalia juu ya maji kwa sababu tu mabaharia hawaachi kufua maji.

Protini inayofanya kazi hiyo iligunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark, aliyechunguza neva za miguu ya kaa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1957. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1997, miaka 40 baadaye. Katika kila mzunguko, pampu hiyo hutumia molekuli moja ya ATP kutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Hesabu zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya nishati ya mwili uliopumzika, inayokadiriwa kuwa moja ya tano au zaidi, huishia katika kazi hii, na katika ubongo sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Mtu aliyelala usingizi bila kujigeuza bado analipia gharama hiyo kila sekunde.

Wewe kama fundi umeme utavutiwa na faida yake. Tofauti ya ioni hizo, pamoja na urahisi wa potasiamu kuvuja kwenda nje, huufanya upande wa ndani wa utando wa seli ya neva uwe na chaji hasi ya milivolti 70 hivi ukilinganishwa na nje. Namba hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke wembamba wa utando: ukigawanya volteji kwa unene, unapata takriban volti milioni 10 kwa kila mita. Neva inapotuma taarifa, vijia vya sodiamu hufunguka kwa muda usiozidi milisekunde chache, sodiamu huingia kwa kasi, na badiliko hilo la chaji husafiri kuelekea mwisho wa neva. Pampu haitumi taarifa yenyewe; hutunza akiba ambayo taarifa hiyo huitumia. Kalsiamu nayo hutunzwa kwa tofauti kali zaidi, kwa kuwa iliyo huru nje ya seli huzidi ya ndani takriban mara 10,000, na ndiyo maana kiasi kidogo tu kikiruhusiwa kuingia hutosha kuamuru msuli ujikaze.

Ushahidi mkali kwamba usawa huu ni kazi, wala si utulivu, huonekana damu inapoacha kufika sehemu ya ubongo, kama inavyotokea katika kiharusi. Oksijeni ikikosekana, ATP hupungua ndani ya dakika chache, pampu husimama, sodiamu huingia bila kutolewa, maji huifuata, na seli huvimba. Ulinganifu uliofundishwa darasani unakuwa umefika, na matokeo yake ni maafa.

Niongeze jambo moja ambalo halikuulizwa ila linahusika. Seli hulinda hali ya ndani yake, lakini haiwezi kufanya hivyo ikiwa majimaji yanayoizunguka yenyewe yamevurugika. Claude Bernard wa Ufaransa alilieleza wazo hili katika karne ya 19, na Walter Cannon wa Marekani akalipa jina la homeostasisi katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mapafu, figo, ini na ngozi zinaweza kutazamwa kama watumishi wa majimaji hayo. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurejesha karibu zote kwenye damu, zikiacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Uchujaji huo mkubwa ndio unaoziwezesha kusahihisha chumvi na maji kwa usahihi. Potasiamu ya damu, kwa mfano, hubakizwa kati ya milimoli 3.5 na 5 hivi kwa lita, na ikipanda sana mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hata kusimama.

SWALI: Mwanangu aliharisha sana, na muuguzi akatupa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi unaochanganywa na maji ili kurejesha maji mwilini. Niliposoma maandishi ya pakiti nikaona kuna glukosi. Chumvi naielewa, kwa kuwa mtoto ameipoteza, lakini sukari ni ya nini? Je, maji safi pekee yasingetosha? Na je, nikiongeza sukari kidogo ili mtoto aipende, kuna ubaya?
*Mama mzazi*

JIBU: Pole sana, mama, na tunamwombea mtoto afya. Sukari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ladha, na wala si chakula kwa maana ya kawaida. Kazi yake ni kuisaidia chumvi kuingia mwilini.

Seli zinazotanda ukuta wa utumbo mwembamba zina protini ambayo hubeba sodiamu na glukosi kwa pamoja, ioni 2 za sodiamu kwa kila molekuli moja ya glukosi, nayo haifanyi kazi ipasavyo ikiwa kimojawapo hakipo. Sodiamu na glukosi zikishaingia, maji huzifuata kwa osmosisi, yaani huelekea upande ambako vitu vilivyoyeyuka ni vingi zaidi. Ile pampu tuliyoieleza kwa ndugu fundi iko upande wa pili wa seli hizo hizo, ikitoa sodiamu kuelekea kwenye damu ili nafasi ya kuingiza nyingine iendelee kuwapo. Robert Crane alitoa maelezo ya mfumo huu mwaka 1960, na matibabu ya kuhara yakapata msingi ambao hadi leo umeokoa maisha ya watoto wengi mno.

Umuhimu wake huonekana zaidi katika kipindupindu. Sumu ya bakteria wa ugonjwa huo huzifanya seli za utumbo kumwaga kloridi bila kukoma, na sodiamu pamoja na maji hufuata nje, hata mgonjwa akapoteza lita nyingi kwa siku. Hata hivyo sumu hiyo haiiharibu ile protini ya kubeba sodiamu na glukosi. Njia moja imevurugwa, nyingine imesalimika, na ORS hupitia iliyosalimika. Maji matupu hayana sodiamu wala glukosi, kwa hiyo hufyonzwa kwa unyonge katika hali hiyo, na yale yanayofyonzwa huizimua damu ambayo tayari imepungukiwa na chumvi.

Kuhusu kuongeza sukari, tafadhali usifanye hivyo. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF tangu mwaka 2002 una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida kwa lita moja, pamoja na kloridi ya potasiamu na sitrati, na vipimo hivyo vimewekwa ili sodiamu na glukosi zilingane kwa idadi ya molekuli. Ukizidisha sukari, wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani ya utumbo huzidi ule wa damu, na maji huvutwa kutoka mwilini kuingia utumboni, jambo ambalo huongeza kuhara. Tumia pakiti nzima katika kipimo cha maji safi kilichoandikwa juu yake, umpe mtoto kidogo kidogo, na umpeleke kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa analegea, anasinzia isivyo kawaida, anashindwa kunywa, au ana damu kwenye choo.

Msomaji mwingine ameuliza kama maji mengi kupita kiasi yanaweza kumdhuru mtu mwenye afya njema. Yanaweza, ingawa hutokea kwa nadra. Mtu akinywa lita nyingi kwa muda mfupi kuliko uwezo wa figo kuyatoa, sodiamu ya damu huzimuliwa, maji huingia kwenye seli, nazo huvimba. Katika misuli uvimbe huo una nafasi, lakini ubongo umezungukwa na fuvu lisilotanuka. Kwa sababu hiyo hiyo, dripu ya kawaida ya chumvi hutengenezwa kwa gramu 9 za chumvi katika kila lita. Maji matupu yakiingizwa kwa wingi moja kwa moja kwenye mshipa, chembe nyekundu za damu hujaa maji na kupasuka.

SWALI: Mama yangu amegundulika kuwa na kisukari. Daktari anasema sukari katika damu yake iko juu sana. Ikiwa sukari ndiyo mafuta ya seli, na ipo tele, kwa nini mama analalamika kuchoka na kupata kiu kila wakati?
*Binti yake*

JIBU: Mpe mama pole zetu. Sukari iliyo kwenye damu bado haijaifaa seli, kwa maana iko nje ya utando. Seli za misuli na za mafuta huingiza glukosi nyingi pale tu zinapopokea ujumbe wa insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho: ujumbe huo ukifika, protini za kubeba glukosi zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya seli hupandishwa hadi kwenye utando. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziharibu seli zinazotengeneza insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima, insulini ipo lakini seli huitikia kwa uzito, na kongosho hushindwa polepole kufidia upungufu huo. Ini nalo, lisiposikia insulini ipasavyo, huendelea kumwaga glukosi kwenye damu ambayo tayari imejaa. Hivyo mama anaweza kuwa na sukari nyingi katika damu huku misuli yake ikiipata kwa shida.

Kiu ina maelezo yake. Glukosi ya mtu ambaye hajala tangu usiku kwa kawaida huwa kati ya miligramu 70 na 100 hivi katika desilita moja ya damu. Ikipita 180 au karibu na hapo, figo hushindwa kuirejesha yote, hubaki kwenye mkojo, na huvuta maji pamoja nayo. Mtu hukojoa sana, mwili hukauka, kiu huja.

Namna kongosho linavyojua kwamba sukari imepanda ni mojawapo ya kazi za seli zinazonivutia zaidi. Hakuna kipimo cha pekee cha sukari humo. Glukosi huingia kwenye seli, huvunjwa, ATP huongezeka, na ATP hiyo hufunga vijia vya potasiamu. Potasiamu ikizuiwa kutoka, chaji ya utando hubadilika, vijia vya kalsiamu hufunguka, na kalsiamu inayoingia husukuma vifuko vya insulini vimwagwe nje. Seli huupima mlo kwa kuumeng'enya. Baadhi ya vidonge vya kisukari hufanya kazi kwa kufunga vijia hivyo hivyo vya potasiamu, ingawa dawa inayomfaa mama ni ya daktari wake kuamua.

SWALI: Kuna maji yanayouzwa kwa bei kubwa yakidaiwa kupunguza asidi ya damu na kuzifanya seli zisiugue. Je, ni kweli?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: La. Kipimo cha pH cha damu, yaani kiwango cha asidi yake, hubakizwa kati ya 7.35 na 7.45 kwa msaada wa bikaboneti iliyomo kwenye damu, mapafu yanayotoa kabonidioksidi, na figo zinazotoa asidi kwenye mkojo. Maji unayoyanywa hukutana kwanza na tumbo lenye asidi kali, na hata kile kinachofyonzwa hurekebishwa na figo. Kinachoweza kubadilika ni mkojo, na wauzaji huonyesha badiliko hilo kana kwamba ni la damu. Mtu ambaye pH ya damu yake imetoka kweli nje ya mipaka hiyo ni mgonjwa wa kulazwa hospitali.

SWALI: Nimesikia kwamba kila baada ya miaka 7 seli zote za mwili huwa zimebadilishwa, na mtu huwa mpya kabisa. Je, ni kweli?
*Mzee mstaafu*

JIBU: Shikamoo mzee. Kauli hiyo imeenea sana lakini haina msingi, kwa sababu kila aina ya seli ina umri wake. Seli zinazotanda utumbo hudumu siku 3 hadi 5. Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, na uboho hutengeneza zaidi ya milioni 2 mpya kila sekunde ili kufidia zinazoondoka. Nyingi kati ya seli zinazokufa hazikuuawa na kitu: hujivunja zenyewe kwa utaratibu, hujigawa katika vifurushi vidogo, na humezwa na jirani zake bila kusababisha uvimbe. Seli iliyoharibika ikikataa kufa namna hiyo na kuendelea kugawanyika, huo ni mwanzo mmojawapo wa saratani.

Umri wa seli zinazoishi kwa muda mrefu ulipimwa kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Majaribio ya silaha za nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, katika hewa ya dunia nzima, na baada ya mkataba wa mwaka 1963 uliopiga marufuku majaribio ya hewani kiasi hicho kikaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Kaboni hiyo iliingia kwenye mimea, kwenye chakula, na hatimaye kwenye DNA ya seli zilipokuwa zikiundwa. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walitumia alama hiyo kukadiria mwaka wa kuzaliwa kwa seli. Walikuta kwamba neva za gamba la ubongo zina umri sawa na mwenye ubongo huo, na katika utafiti uliotoka mwaka 2009 walionyesha kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo kwa mwaka, kasi ambayo hushuka hadi chini ya nusu ya hapo anapofikia miaka 75. Kwa hiyo, mzee, seli zinazotanda utumbo wako leo hazikuwapo mwezi uliopita, lakini sehemu kubwa ya seli za moyo wako umekuwa nazo tangu utotoni.